Uzamili wa Biashara katika Uchunguzi wa Udanganyifu: Namna ya Kuupima Kabla ya Kulipa Ada

Ankara tatu zilikuwa mezani: namba 41, 42 na 43. Mzabuni mmoja, miezi mitatu tofauti. Mkaguzi mwenzangu, mzee aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alizipanga sambamba kisha akaniuliza, "Huyu bwana ana wateja wangapi?" Nilichukua kama dakika nzima kuelewa. Mfanyabiashara anayetoa ankara ya 41 mwezi huu, ya 42 mwezi ujao na ya 43 mwezi unaofuata hana mteja mwingine ila sisi. Tulipofuatilia tukakuta kampuni ile haina ofisi wala mfanyakazi, na akaunti yake ya benki ni ileile anayopokelea mshahara mtumishi mmoja wa idara ya manunuzi.

Kuligundua lile hakukuhitaji shahada ya pili. Kilichonishinda ni kilichofuata. Sikujua nimhoji nani kwanza. Sikujua kwamba kuchukua faili halisi na kuliweka kwenye droo yangu bila kuandika popote nani alilishika na lini kungempa wakili wa upande wa pili nafasi ya kudai nyaraka zimechezewa. Ripoti yangu ilijaa hisia na neno "mwizi", neno ambalo mchunguzi hana mamlaka ya kuliandika. Shauri likafa.

Ndipo nikaanza kuulizia uzamili wa biashara uliobobea katika uchunguzi wa udanganyifu. Niliusoma miaka minne baadaye, nikiwa kazini, na umenifaa. Ila nimeona pia watu waliolipa ada ileile, wakahitimu vizuri, wakabaki palepale walipokuwa. Tofauti yetu ilikuwa moja: kabla ya kuingia, kila mmoja alijua au hakujua pengo analotaka kuliziba. Hatua zilizo hapa chini ni za kulitafuta pengo hilo kwanza, kisha kuona kama shahada hii ndiyo inayoliziba.

Hatua ya kwanza: itaje kazi unayoitaka

"Nataka kuingia kwenye mambo ya udanganyifu" haitoshi. Mkaguzi wa ndani wa kampuni, mchunguzi wa madai ya bima, ofisa wa benki anayefuatilia miamala inayotia shaka, mhasibu mchunguzi anayetoa ushahidi mahakamani, ofisa wa chombo cha serikali cha kupambana na rushwa, na mkuu wa kitengo anayeamua kesi ipi ifunguliwe: hizi ni kazi tofauti, na kila moja ina mlango wake.

Chagua moja au mbili. Kusanya matangazo thelathini ya kazi hizo, ya sasa, katika soko ambalo kweli utaomba ajira. Fungua lahajedwali, weka safu nne: shahada inayotakiwa, cheti cha taaluma kinachotakiwa, miaka ya uzoefu, na ujuzi uliotajwa kwa jina. Jaza moja baada ya jingine. Ni kazi ya jioni mbili, na itakuambia mengi kuliko kipeperushi chochote cha chuo.

Nilipofanya hivyo mimi, matangazo mengi ya ngazi ya kati yalitaka shahada ya kwanza ya uhasibu, fedha au sheria, uzoefu, na cheti cha taaluma. Uzamili ulitajwa kama nyongeza inayopendelewa. Ulianza kuonekana kama sharti kwenye nafasi za uongozi wa vitengo na za ualimu wa vyuo. Yako yanaweza kuja na sura nyingine, ndiyo maana nasisitiza uyahesabu mwenyewe.

Hatua ya pili: ijaribu kazi kabla ya kuilipia

Watu wengi huvutwa na sehemu ya mwisho ya uchunguzi, pale mtuhumiwa anapokaa mbele yako na karatasi zimepangwa mezani. Kabla ya siku hiyo kuna wiki za kusoma hati za malipo, taarifa za benki, barua pepe na mikataba, ukilinganisha tarehe na saini. Kama hilo halikuvutii, uzamili hautakubadilisha.

Kuna jaribio usilolipia chochote. Tafuta orodha ndefu ya malipo halisi, elfu chache kwenda juu. Taasisi nyingi za umma duniani huchapisha za kwao mtandaoni. Chukua tarakimu ya kwanza ya kila kiasi, hesabu ngapi zinaanza na 1, ngapi na 2, mpaka 9. Akili ya kawaida inatarajia zigawane sawasawa. Hazigawani. Katika takwimu nyingi za asili, zinazoanza na 1 ni takriban asilimia 30.1, zinazoanza na 2 ni 17.6, na zinazoanza na 9 ni 4.6 tu. Mwanaastronomia Simon Newcomb aliliona jambo hili mwaka 1881, akilitambua kutokana na kurasa za mwanzo za vitabu vya logarithimu (majedwali ya kukokotolea hesabu), zenye namba zinazoanza na 1, zilizochakaa kuliko za mwisho. Mwaka 1938 mwanafizikia Frank Benford akalipima kwa takwimu za aina nyingi, na kanuni ikabaki na jina lake. Mtu anayetunga kiasi kichwani huwa haifuati kanuni hii bila kujua.

Sasa tuseme orodha yako ina kilima kisichotarajiwa kwenye tarakimu 4. Usishangilie. Huenda kuna ada ya kudumu inayoanza na 4 inayolipwa kila mwezi, na hapo kanuni haina la kusema. Huenda pia kuna kikomo cha 5,000 ambacho juu yake malipo lazima yasainiwe na mkurugenzi, na kuna mtu anayekata malipo ya 9,600 vipande viwili vya 4,800. Chuja malipo yote yaliyo chini kidogo ya kikomo, yapange kwa jina la mlipwaji na tarehe, utazame. Kanuni ya Benford haithibitishi kosa. Inakuonyesha pa kuchimba.

Ukijikuta saa tano za usiku bado unapanga na kuchuja, na umesahau chakula, hiyo ni dalili nzuri kuliko alama zako za shahada ya kwanza. Ukichoka baada ya nusu saa, umejiokolea ada.

Hatua ya tatu: linganisha na cheti cha taaluma

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani shahada na cheti ni kitu kimoja chenye bei mbili.

Cheti kinachojulikana zaidi ni CFE (Certified Fraud Examiner), kinachotolewa na chama cha wachunguzi wa udanganyifu, ACFE, chenye makao yake Austin, Texas, kilichoanzishwa mwaka 1988. Kukipata kunaendeshwa kwa alama: unahitaji alama 40 za elimu na uzoefu ili ukalie mtihani, na 50 pamoja na angalau miaka miwili ya kazi inayohusiana na udanganyifu ili uthibitishwe. Ukishakuwa nacho unatakiwa kujiendeleza kwa saa 20 kila mwaka, kumi kati yake ziwe za udanganyifu moja kwa moja na mbili za maadili. Kwa wanaofuatilia utakatishaji fedha kuna CAMS. Kwa wakaguzi wa ndani kuna CIA (Certified Internal Auditor). Kwa wanaokagua mifumo ya kompyuta kuna CISA. Na uhasibu wenyewe una CPA na vyeti vinavyofanana nayo.

Cheti kinasema unajua kanuni na mbinu zinazokubalika. Huchukua miezi, na gharama yake ni sehemu ndogo ya ada ya uzamili. Uzamili mzuri unakupa vitu ambavyo mtihani hauvipi: kuandika ripoti ndefu na kurudishiwa ikiwa imejaa wino mwekundu, kuhoji mtu mbele ya wenzako na kusahihishwa, kupanga bajeti ya kitengo, kumweleza mjumbe wa bodi asiyejua uhasibu kwa nini hesabu hizi hazikai sawa. Ukiona pengo lako ni la kutambuliwa tu, anza na cheti. Kama unakwama kwenye kuandika, kuhoji na kuongoza, shahada ina hoja. Na kama matangazo yako thelathini yalitaja CFE mara ishirini na uzamili mara mbili, sidhani kuna mjadala.

Hatua ya nne: usome mtaala kama unavyosoma hati ya malipo

Hatua hii ipe muda mrefu kuliko zote.

Jina la kozi halikuambii mengi. Programu za aina hii zimezaliwa katika nyumba tofauti, na nyumba huacha alama. Ya Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, imekulia kwenye uhasibu. Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, kililelea masomo ya kupambana na udanganyifu upande wa elimu ya uhalifu na haki jinai. Utica, jimboni New York, kilijijengea jina kwa usimamizi wa uhalifu wa kiuchumi. Mhasibu aliyekwisha kushiba leja atapata zaidi kwenye programu iliyoegemea sheria na mahojiano. Askari mpelelezi au mwanasheria anahitaji kinyume chake: akafundishwe hesabu mpaka aweze kuifuata fedha mwenyewe bila kumsubiri mhasibu.

Chukua orodha ya masomo uipime kwa takwimu za uwanjani. ACFE hutoa ripoti kila baada ya miaka miwili. Ya mwaka 2024 ilichambua kesi 1,921 kutoka nchi na maeneo 138. Asilimia 43 ya kesi ziligunduliwa kwa sababu kuna mtu alitoa taarifa, na zaidi ya nusu ya taarifa hizo zilitoka kwa wafanyakazi. Kesi ya kawaida ilidumu miezi 12 kabla ya kugundulika. Ubadhirifu wa mali ulikuwamo katika asilimia 89 ya kesi, hasara ya wastani wa kati ikiwa dola 120,000. Upotoshaji wa taarifa za fedha ulikuwa asilimia 5 tu, lakini hasara yake ilifika dola 766,000.

Rudi sasa kwenye mtaala. Kama karibu nusu ya kesi huanza na mtu aliyenong'ona, somo la kupokea taarifa, kumlinda mtoa taarifa na kuhoji mashahidi liko wapi? Kama liko, ni saa ngapi, na wanafunzi wanahoji kweli au wanasikiliza mhadhara? Programu inayotumia muhula mzima kuchambua maporomoko ya Enron na WorldCom, kampuni kubwa za Marekani zilizoanguka kwa udanganyifu wa hesabu, halafu ikapitia ankara bandia, mishahara hewa na marejesho ya safari kwa wiki mbili inakuandaa kwa kesi ambazo huenda usizione kamwe.

Sisemi kesi kubwa hazifundishi. WorldCom, iliyokuwa kampuni ya simu, ni darasa zuri, ukiitazama kwa karibu. Mwaka 2002 Cynthia Cooper, aliyeongoza ukaguzi wa ndani, na timu yake walifuatilia maingizo ya leja yaliyohamisha gharama za kukodi laini za simu kutoka kwenye matumizi kwenda kwenye mali, ili faida ionekane kubwa kuliko ilivyo, wakifanya sehemu ya kazi hiyo usiku. Walifikia dola bilioni 3.8 kabla mambo hayajawekwa hadharani mwezi Juni. Cooper alikuwa na uzamili wa uhasibu, wa kawaida tu. Kilichombeba ni kuijua leja, kuuliza swali lilelile mara ya pili baada ya jibu lisiloeleweka, na kutorudi nyuma pale wakubwa walipomtaka aahirishe. Ukikutana na mwalimu anayeifundisha kesi hii kwa kufungua maingizo yenyewe, mshike.

Tafuta pia sheria ya ushahidi: namna ya kupata nyaraka kihalali, kuzitunza, na kuandika kila mkono uliozishika. Tafuta uchambuzi wa data unaofanywa kwa mikono yako, kwa programu halisi na data chafu, yenye majina yaliyoandikwa kwa namna tatu na tarehe zilizogeuzwa. Tafuta somo la kuandika ripoti. Na usidharau masomo ya biashara ambayo wengi huyaona ya kujazia: usimamizi wa vihatarishi, udhibiti wa ndani, utawala bora wa kampuni. Hayo ndiyo yanayoutenga uzamili wa biashara na kozi ya upelelezi. Mwanakriminolojia Donald Cressey, aliyewahoji wafungwa waliofuja fedha za waajiri wao, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba mtu mwaminifu hupinda pale shinikizo asiloweza kumweleza mtu linapokutana na fursa na kisingizio cha kujitetea moyoni. Shinikizo na kisingizio viko nje ya mamlaka ya meneja. Fursa iko mikononi mwake, na mhitimu wa biashara anapaswa kutoka akijua kuifunga.

Waangalie walimu mmoja mmoja. Angalau wawili wawe wamewahi kufanya uchunguzi wenyewe na kusimama kizimbani kuuelezea. Mwanazuoni mzuri ni muhimu, lakini namna wakili anavyokukata maneno unapoeleza hesabu haijifunzwi kitabuni.

Hatua ya tano: ithibati

Fupi, lakini usiiruke. Hakikisha chuo kimetambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi kilipo, na kwamba shahada yake itatambuliwa unakokwenda kufanya kazi. Ithibati ya shule za biashara, kama ile ya AACSB iliyoanzishwa mwaka 1916, huongeza uzito japo kukosekana kwake peke yake si ugonjwa. Kimbia chuo kinachokupa shahada kwa "uzoefu wa maisha" au kinachokukubali ndani ya siku moja bila kuuliza vyeti. Siku utakapotoa ushahidi, swali la kwanza la wakili wa utetezi litakuwa kuhusu elimu yako, na shahada ya kununua itazamisha kesi nzima pamoja na wewe.

Hatua ya sita: piga hesabu kwa miezi ya mshahara

Sarafu hubadilika, kwa hiyo tumia kipimo kimoja: mshahara wako wa mwezi. Tuseme ada, vitabu na gharama nyingine zote ni sawa na mishahara yako kumi. Tuseme, kutokana na utafiti wako wa hatua ya kwanza, nafasi unayoilenga inalipa asilimia 15 zaidi ya unachopata leo. Nyongeza ya mwaka mzima ni asilimia 15 ya mishahara 12, yaani mishahara 1.8. Gawa kumi kwa 1.8: utarudisha fedha yako baada ya miaka mitano na nusu hivi, ukiipata nafasi hiyo mara tu unapohitimu.

Sasa acha kazi mwaka mmoja ukasome. Gharama inapanda kutoka mishahara 10 hadi 22, kwa sababu kumi na miwili hukuipokea. Gawa tena: miaka kumi na miwili na zaidi. Shahada ileile, chuo kilekile. Ndiyo maana namshauri karibu kila anayeniuliza asome akiwa kazini, hata kama itamchukua miaka miwili au mitatu ya wikiendi.

Kama ni mkopo, ongeza riba. Mwajiri akikubali kulipa sehemu, soma mkataba wa kubaki kazini kwa makini: ni miaka mingapi, na ukiondoka mapema unarudisha kiasi gani. Mkataba wa miaka miwili mara nyingi unakubalika. Wa mitano unaweza kukufunga mahali ambapo ujuzi wako mpya hautumiki. Kisha rudia hesabu yote ukiweka nyongeza ya sifuri. Kama shahada isipokupandisha mshahara kwa miaka mitatu itakuingiza kwenye madeni usiyoyamudu, subiri.

Hatua ya saba: zungumza na waliotoka

Watafute wahitimu wenyewe, usiridhike na wale wawili ambao chuo kimekuchagulia. Waliomaliza miaka mitatu au minne iliyopita ndio wazuri: hawana tena furaha ya mahafali, na bado wanakumbuka. Waulize kazi waliyokuwa nayo kabla na waliyo nayo sasa. Waulize ni somo gani walilitumia mwezi uliopita. Waulize nani katika darasa lao hakufaidika, na kwa nini. Swali hili la mwisho huwa linafungua mazungumzo.

Muulize pia mtu anayeajiri. Mweleze historia yako kwa dakika mbili, kisha: "Ungeniona na cheti na miaka miwili zaidi ya kazi, au na uzamili huu, ungemwita nani kwenye usaili?" Nilimuuliza mkuu mmoja wa kitengo, akanijibu papo hapo kwamba kwa nafasi ya mchunguzi angemwita mwenye cheti, na kwa nafasi ya naibu wake angemwita mwenye uzamili aliyewahi kuwa mchunguzi. Jibu lile ndilo lililonifanya nisubiri miaka minne.

Nani aahirishe

Kijana aliyetoka tu kumaliza shahada ya kwanza isiyo ya hesabu wala sheria, anayedhani uzamili utamfungulia mlango. Mara nyingi atashindana na watu wasio na uzamili lakini wenye miaka mitatu ya kugusa mafaili. Aingie kwanza kwenye ukaguzi, madai ya bima au kitengo cha uzingatiaji wa sheria benki, hata kwa nafasi ndogo.

Asubiri pia anayetaka kubadilisha kazi kwa sababu ya uchovu. Uchunguzi una upweke wake: utakula peke yako kwenye kantini, na kuna watu uliowazoea ambao utalazimika kuwahoji.

Anayefaidika zaidi, kwa ninavyoona, ni mtu mwenye miaka mitatu hadi saba kazini, mwenye upande mmoja imara na mwingine dhaifu anaoweza kuutaja, na mwenye nafasi ya uongozi inayoonekana mbele yake.

Kabla ya kujaza fomu

Andika barua pepe kwa ofisi ya udahili. Omba silabasi kamili ya somo la ushahidi na la mahojiano, pamoja na njia ya kutahini. Omba mfano wa mradi wa mwisho wa mwanafunzi, majina yakiwa yamefutwa. Uliza wanafunzi wangapi walianza na wangapi walimaliza katika makundi matatu yaliyopita. Wape wiki mbili. Wakikutumia kipeperushi badala ya silabasi, waandikie mara ya pili, na usilipe ada ya maombi mpaka ulichoomba kikufikie.